Balozi Aliyekataa Mabati

Sijawahi kumwona akimaliza kikombe cha chai. Ukimkaribisha anakaa ukingoni mwa kiti, anapuliza, anakunywa kidogo, halafu anakumbuka jambo. Kikombe anakiweka chini popote alipofika nacho, na anaondoka bado anaongea. Vikombe vyangu nimeviokota kwenye mashina ya migunga, juu ya mawe, na kimoja nilikikuta nyumbani kwa mwenyekiti wa kijiji, chai yangu ingali ndani.

Kijiji kizima kilimwita Balozi. Mkewe alimwita Balozi. Watoto wa shule walidhani ndilo jina alilobatizwa. Alikuwa balozi wa nyumba kumi, kazi isiyo na mshahara wala ofisi, na hizo nyumba kumi zilishazidi kumi siku nyingi, kwa sababu vijana wanaoa na wanajenga kando ya wazazi wao, na kila aliyejenga Balozi alimhesabu kuwa wake. Hajafa, msije mkaanza kunipa pole. Amehamia Mitundu kwa binti yake, maana miguu ya mkewe ilikuwa inasumbua na binti akasema basi. Nasikia huko nako ameshaanza kuwauliza watu maswali. Lakini hapa kwetu asubuhi zimekuwa kimya, na mimi kimya hicho sijakizoea, kinanikera.

Mimi nauza mafuta ya alizeti. Kibanda changu kiko barabarani, upande wa kwenda Iguguno, pale magari yanaposimama na abiria wananyoosha mikono dirishani kushika madumu. Nyumba yangu iko ndani kijijini, na ua wangu umepakana na ua wa Balozi. Kwa hiyo nilimsikia kila siku, nikitaka nisitake. Alikuwa anaamka na maneno. Kabla hajanawa uso ameshamwambia mkewe kosa la waziri fulani, na mkewe anajibu kwa Kinyiramba, neno moja tu, na nyumba nzima inanyamaza kidogo.

Ukitaka kumwelewa inabidi nikueleze boma letu, jengo lililokuwa linasubiri paa. Utaratibu unajulikana. Wananchi wanachangia nguvu zao: wanafyatua matofali, wanayachoma, wanasomba maji na mchanga, kuta zinapanda mpaka kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Hapo wananchi wanaishia. Serikali inakuja kumalizia paa, sakafu, milango, na mwisho inaleta mganga na nesi. Sisi tulikuwa tunajenga zahanati. Zahanati ya karibu iko ng'ambo ya korongo, na mvua zikishika korongo lile halipitiki, na watoto hawasubiri maji yapungue. Wanawake wa kijiji chetu wamejifungulia njiani, wengine wakiwa wameshikilia mti.

Balozi ndiye aliyetutoa majumbani. Alipita nyumba kwa nyumba alfajiri, anapiga hodi kwa fimbo, anaita watu kwa majina ya watoto wao. Aliyesema mgongo unamuuma alipewa kazi ya kuchunga moto wa tanuru. Aliyesema ana msiba aliambiwa aje baada ya mazishi. Yeye mwenyewe alibeba matofali kichwani huku akigombana na mtu kuhusu katiba. Tulimcheka, lakini tulibeba. Kuta zikapanda, lenta ikamwagwa, akina mama tukapiga vigelegele, na siku ile nilimpenda yule mzee kama ndugu yangu wa tumbo moja.

Halafu tukangoja. Boma likakaa wazi juu, jua linaingia, mvua inaingia, mbuzi wanaingia. Nyasi zikaota kwenye chumba cha kujifungulia. Wageni wakubwa walikuja, wakaangalia, wakasema hongereni sana, wakaondoka. Kila aliyeondoka Balozi alimsindikiza kwa miguu pembeni ya gari lake mpaka gari lilipopata mwendo.

*

Kuhusu siasa za nchi alikuwa na maoni kwa kila kitu, na aliyatoa bila kuombwa. Simu hapa kwetu inashika vizuri juu ya mwamba ulio nyuma ya shule. Siku za kipindi cha maoni redioni alipanda mwamba ule mapema, simu yake imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, akapiga, akapiga tena, mpaka wampokee. Sisi huku chini tunafungua redio. Mtangazaji anasema, "Tunaye mkazi mmoja wa Singida kwenye laini, karibu." Hapo Balozi anaanza kusalimia. Anamsalimia mtangazaji, anawasalimia wasikilizaji, anampa pole jirani aliyeanguka baiskeli, anamkumbusha mkewe kuwafungulia mbuzi. Akifika kwenye "Sasa mheshimiwa, hoja yangu ni hii," tunasikia muziki.

Anashuka amekasirika. "Wamenikata!" anasema. "Wameona naelekea kwenye ukweli."

"Balozi," namwambia, "anza na hoja, salamu ziwe mwisho."

"Mama Neema, mimi nitaingiaje nyumbani kwa watu bila hodi?"

Mara moja tu alifika kwenye hoja, na ilikuwa juu yangu. Aliongea kuhusu mafuta yanayotoka nje. Alisema wakubwa wakishusha ushuru wa mafuta ya nje huko Dodoma, hawahitaji kumwuliza mtaalamu kitakachotokea. Waje wakae na jirani yangu barabarani, waone madumu yanavyopauka juani hayana mnunuzi, na mkulima anavyokata tamaa ya kupanda. "Alizeti mnatuambia tulime," alisema, "tumelima. Sasa mbona mnatufungia mlango wa sokoni?" Kesho yake gari dogo lilisimama, mtu akateremka akaniuliza kama mimi ndiye yule jirani wa redioni. Nikasema ndiyo. Alinunua dumu moja akaomba apunguziwe.

Ukimletea habari yoyote, swali lake lilikuwa moja: "Nani kasema, na kasemea wapi?" Ukisema umesikia mashineni, wakati watu wanasubiri alizeti yao ikamuliwe, alitaka kujua kwenye foleni nani alikuwa mbele yako. Ukisema umeona kwenye simu ya kijana, alitaka kuongea na kijana. Uvumi ulikuwa unamkimbia. Watu wakimwona anakuja walibadilisha mazungumzo wakaanza kuongelea mvua, na mvua nayo aliuliza nani kasema.

Wakati wa kampeni ndipo alipotuchosha kuliko wakati wote. Yeye alikuwa mtu wa chama, kadi yake aliihifadhi pamoja na cheti cha ndoa, lakini mgombea wa chama chake akija ndiye aliyemsumbua zaidi. Alimsubiri mbele kabisa, amesimama, wengine wamekaa. Alivaa kofia ya wapinzani kwa sababu ukingo wake ulikuwa mpana. Vijana wa chama wakamwambia, Balozi, unatuaibisha. Akawauliza, "Kwani jua linaomba kadi?" Na akina mama alitushauri tupokee khanga zote, za kila mgombea, tusimnunie mtu, halafu tuzitunze ziwe mapazia ya zahanati. Tulizipokea. Kuzitunza ni habari nyingine, khanga mpya inavaliwa. Ni mkewe peke yake aliyezifungasha sandukuni, rangi zote za siasa za nchi hii zikilaliana.

Usidhani alikuwa mpole kwa wapinzani. Kijana mmoja wa upande ule alitundika bendera njia panda, pakatokea zogo, mgambo wakamtafuta. Kijana akakimbilia kwa Balozi. Balozi akamwingiza ndani, akamtengea ugali wa uwele na mlenda, akakaa naye. Mgambo walipofika aliwaambia kijana ni mgeni wake na kama wana neno wamletee yeye. Wakaondoka. Kisha akaanza kumsema yule kijana, kuhusu bendera, kuhusu lugha chafu majukwaani, kuhusu nywele zake, mpaka kijana akatoka akasema bora angekamatwa.

Kwenye mambo ya mtaani alikuwa hivyo hivyo. Kesi ya mbuzi kula shamba ilikuwa inaanzia kwake. Mwaka mmoja mbuzi wake mwenyewe waliingia kwenye alizeti yangu, ile iliyokuwa karibu kuchanua, wakafyeka mstari mzima. Mimi nilinyamaza, jirani ni jirani. Yeye akaona alama za kwato, akazifuata mpaka zizini kwake, akaja kunigombeza kwa nini sijashitaki. Akaita kikao. Akasimama upande mmoja kama balozi akauliza mbuzi ni wa nani. Akahamia upande wa pili akajibu kuwa ni wake, lakini jirani naye hakuzungushia miiba. Akarudi upande wa kwanza akasema hiyo si hoja. Wazee walicheka mpaka mmoja akakohoa. Mwishowe alijipiga faini ya jogoo, akamleta mwenyewe amefungwa miguu, na njia nzima alikuwa analalamika kuwa hukumu ilikuwa kali.

Ndiyo maana tulimvumilia. Alikuwa anachosha, lakini hakujipendelea.

*

Sasa mabati. Alikuja mtu mmoja wa kijiji hiki aliyefanikiwa huko Dar es Salaam. Alikuja kuzika, akapita kwenye boma, akaliona limeota nyasi, akaguswa. Akasema atatuletea mabati na mbao za kenchi. Watu wakafurahi, mwenyekiti akaitisha mkutano palepale bomani, tukakaa juu ya matofali yaliyobaki. Balozi akasimama.

"Nani alituambia tujenge mpaka lenta?" aliuliza.

Tukajibu, serikali.

"Na baada ya lenta nani alisema anaendelea?"

Tukajibu tena.

"Basi zamu yetu imekwisha. Tukiezeka sisi, tumewasamehe. Kesho watatuambia tulete kitanda. Keshokutwa watatuambia tulete mganga. Kodi tunalipa, mpaka kwenye kiberiti tunalipa. Hili paa ni haki yetu, na haki ukiinunua mwenyewe sokoni, huwezi tena kuidai."

Kuna watu hapa walilia kwa maneno yale. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Yule tajiri akasema sawa, hakutaka ugomvi, na mabati yake yakaenda kuezeka nyumba ya mwalimu kijiji kingine. Balozi akaandamana na mwenyekiti hadi wilayani, akarudi na ahadi, akaenda tena, akarudi na ahadi nyingine.

Mvua zilizofuata mama mmoja wa mtaa wa juu alibebwa kwa machela mpaka korongoni. Maji yalikuwa yamejaa. Alijifungua pale ukingoni, kwenye tope, na mtoto hakulia. Balozi ndiye aliyechimba kaburi lile dogo, hakukubali apokewe jembe. Siku kadhaa hakuongea. Sikujua nyumba ya jirani inaweza kunyamaza vile, nikawa natoka uani bila sababu, nasikiliza. Nilidhani amebadili mawazo kuhusu mabati. Aliporudi kuongea alikuwa mkali zaidi. Alisema mtoto yule ameuawa na ahadi, na kwamba kuezeka sasa ni kuwafutia kosa lao. Baadhi ya wanawake waliacha kuitikia salamu yake. Mimi niliendelea kumwamkia, shikamoo ni shikamoo, lakini ilikuwa inatoka nusu.

Alianza kutembea zaidi. Akawa anakwenda korongoni kila mvua ikinyesha, anasimama anaangalia maji, anarudi, anakwenda tena. Mkewe aliniambia uani, kwa sauti ya chini, "Hata akilala miguu inakwenda." Na mimi moyo haukutulia, maana Neema wangu alikuwa amerudi nyumbani kuja kujifungulia kwangu, kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kwanza, na hesabu ya kliniki ilikuwa inaangukia katikati ya mvua. Nilimwambia Balozi wazi. Nilimwambia Neema akikwama korongoni sitazungumza naye tena maisha yangu yote. Aliweka kikombe juu ya kinu, akaondoka.

*

Neema alianza kuumwa uchungu mchana, siku ya upepo. Singida tuna upepo unaokuja na mvua ya pembeni, inakupiga shavuni. Nikamwita bodaboda, nikamwita bibi mmoja mkunga aliyezalisha nusu ya kijiji hiki kabla serikali haijatuambia tuache wakunga wa jadi, nikachukua ndoo yenye vifaa vyetu vya kujifungulia. Neema akapakiwa, sisi tukafuata mbio kwa miguu. Tulipokaribia korongo tukamwona bodaboda anarudi, anaendesha pole, Neema amemlalia mgongoni.

"Mama, hapapitiki," kijana akasema. "Maji yamejaa kinoma. Na dada hawezi tena."

Hakuweza. Alishuka akashika magoti, akasema, "Mama, anakuja." Nyumba za watu zilikuwa mbali. Kilichokuwa karibu ni boma, kuta tupu. Tukamwingiza mle, kwenye chumba kile kile kilichopangiwa kujifungulia, bibi akang'oa nyasi kwa mikono, tukatandika nilichokuwa nimejifunga. Kuta zilizuia upepo kidogo, lakini juu mvua ilikuwa inatumwagikia yote. Neema alikuwa anatetemeka meno yanagongana. Nililia kwa hasira. Nilimtukana Balozi kwa jina la cheo chake, nikaitukana na serikali, nikayatukana makofi niliyopiga.

Alikuwa amesimama mlangoni, pale ambapo mlango ungekuwa. Alikuwa ametoka korongoni, kwa kawaida yake, maji yanamtiririka kwenye ile kofia. Sijui alisikia kiasi gani. Alimwangalia Neema, akaangalia juu, akampigia kelele bodaboda: "Washa!"

Waliporudi bodaboda alikuwa anaendesha na Balozi nyuma ameegemeza mabati begani, yanapepea na kulia kwenye upepo, na mimi nilidhani wataanguka wote. Yalikuwa mabati ya jiko lake. Mkewe alikuwa amebaki na sufuria lake mvuani. Kati ya mabati walikuwa wamekunja khanga za kampeni. Wakapanda ukutani, wakayalaza pembeni mwa chumba kutoka lenta hadi lenta, bodaboda akapandisha mawe ya kuyakandamizia. Upepo ukainua bati la mwisho. Balozi akalikalia. Upepo ukavuta lingine, akalishika kwa mikono miwili, akabaki hivyo, amelala kifudifudi juu ya mabati yake, na sisi chini tukawa tunamsikia anavyohema.

Mtoto alizaliwa pale, mvulana, na alilia mara moja. Bibi alimpokea kwenye khanga ya mgombea aliyeshindwa. Kutoka juu sauti ikauliza, "Amelia?"

"Amelia," nikasema.

"Nimesikia. Nataka tu mseme."

*

Mvua ilipokatika na Neema ameshalala vizuri nyumbani na mtoto wake, nilichukua kuku nikaenda kutoa shukrani. Sikumkuta. Mkewe akanielekeza bomani. Nilimkuta juu ya ukuta anateremsha mabati.

"Shikamoo Balozi. Unafanya nini?"

"Marahaba, Mama Neema. Ziara inakuja. Wakubwa wanapita kukagua maboma ambayo hayajamaliziwa. Wakikuta bati hapa watasema hawa wanajiweza."

Nilimwambia mjukuu wangu amezaliwa chini ya mabati yale. Nilimwambia ana roho ya jiwe. Kuku alikuwa ananipigapiga mabawa mkononi, nikazidi kukasirika. Nilimuuliza mwingine akianza kuumwa leo jioni atazalia wapi.

"Ndiyo maana nataka wazaliwe kwenye zahanati," alisema. "Na nesi. Na dawa. Mimi sitaki wazaliwe kwenye jiko langu, Mama Neema. Shika upande ule, lisikunjike."

Kibaya ni kwamba alikuwa na haki, na mimi pia nilikuwa na haki, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuisogeza ya mwenzake. Nikamweka kuku chini amefungwa miguu, nikashika upande ule. Tuliyabeba mpaka kwake, yeye mbele mimi nyuma.

Ziara ilikuja. Tulifagia, tuliimba. Magari yalisimama bomani, mkubwa akateremka, akaingia ndani na watu wake. Balozi alikuwa amevaa koti. Hakusalimia watu wote safari hii, alianza na hoja. Alisema, mheshimiwa, mlituambia lenta, hii hapa lenta. Hapa ulipokanyaga pamezaliwa mtoto kwenye mvua, na kule korongoni pamezaliwa mwingine tukamzika. Alisema tu hivyo, akamwangalia. Yule mkubwa aliguswa, naomba nisimsingizie. Alimshika mkono. Kisha akaangalia kuta, akaongea na mtu wa pembeni, akatugeukia akasema kuta zimekaa mvuani muda mrefu, lenta imeanza kupasuka, na kwa utaratibu fedha ya kumalizia haiwezi kuwekwa juu ya ukuta wa namna hii. Tuzikinge kwanza, turekebishe, kisha tuombe upya. Wakapanda magari.

Balozi hakuyasindikiza. Alibaki ameweka kiganja kwenye ufa wa lenta, anaupapasa. Ningeweza kumwambia, "Nilikuambia." Nilikuwa nayo maneno hayo mdomoni tangu mtoto wa mtaa wa juu. Niliyameza, nikaenda kibandani kwangu, sikuuza chochote siku ile, nilisahau hata kuita magari.

Asubuhi yake nilisikia hodi kabla sijawasha moto. Alikuwa mlangoni, hajavaa kofia, macho mekundu. Nyuma yake, njiani, mkokoteni wa ng'ombe umesimama na mabati ya jiko lake yamefungwa juu, na mkewe amekaa ubavuni mwa mabati ameshika lile sanduku la khanga.

"Shikamoo Balozi."

"Marahaba. Jiko lako lina mabati mangapi?"

"Na serikali?" nikamuuliza.

"Nitaidai. Naenda wilayani wiki ijayo, na nyingine, na nyingine. Lakini mama wa pale kona ya shule ana mimba, nimemwona jana anafagia kwa shida." Alitazama chini. "Mama Neema, ningeyakubali yale mabati ya tajiri, mtoto yule wa mtaa wa juu..."

Hakumaliza. Mimi sikumsaidia kumaliza. Nilitaka kumwambia si kosa lake, lakini lilikuwa kosa lake kidogo, na letu sote tuliopiga makofi, na la wale wa magari zaidi yetu.

"Yote," nikasema. "Chukua yote."

Aliitikia kwa kichwa, akageuka. Nilipotoka uani na ngazi, alikuwa ameshavuka njia, anagonga mlango wa jirani kwa fimbo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa anaanza na neno naomba.